Mdudu wa nusu sentimita aliuaje msitu wa Harz, na je, Mufindi iko salama?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi Göttingen, Ujerumani. Juzi tulipanda mlima Brocken, kwenye milima ya Harz, nikaona kitu kilichonitisha: miteremko mizima miti imesimama mikavu, ya kijivu, haina hata jani. Wenzangu wakasema ni mdudu. Nilibandua kipande cha gome nikakuta michoro iliyochongwa vizuri sana, nimekiweka dirishani nije nimpelekee baba nikirudi likizo. Baba ana ekari kadhaa za misindano Mufindi. Naomba kujua: mdudu mdogo vile anauaje mlima? Kwa nini Wajerumani hawakupiga dawa? Na misindano ya baba je?"

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kubandua lile gome, maana ndani yake mna nusu ya jibu. Lichukue hapo dirishani tulisome pamoja.

Ule mfereji mpana ulionyooka kufuata urefu wa shina aliuchimba mama. Kulia na kushoto kwake kuna vijifereji vinavyoanza vyembamba mno, kisha vinazidi kupanuka kadiri vinavyokwenda mbali naye. Kila kimoja ni maisha ya buu mmoja. Alipoanguliwa alikuwa mdogo wa kuonekana kwa shida. Akala huku akisonga mbele, akanenepa, na njia ikapanuka pamoja naye. Inapoishia utaona kichumba kifupi: hapo alikaa pupa. Na yale matundu ya mviringo yaliyotokea upande wa nje wa gome ndiyo milango waliyotokea wakiwa wadudu kamili. Ukipata mahali ambapo mifereji miwili au mitatu ya mama inakutana, hapo palikuwa chumba cha ndoa. Kwa wadudu hawa dume ndiye hutangulia kutoboa gome, akachimba chumba, halafu akaita majike. Kila jike huchimba njia yake, mmoja kuelekea juu, mwingine chini, na kutaga mayai kama 50 kandokando ya njia hiyo.

Huyu ni mbawakawa wa magome wa msprusi. Kisayansi anaitwa Ips typographus. Ana urefu wa milimita 4 hadi 5.5, rangi ya kahawia iliyokoza, na mwisho wa mabawa yake umekatika kama mteremko wenye meno manane, manne kila upande. Msprusi ndio ule mti uliouona umekufa Harz. Ni jamaa wa msindano, na ndio mti wa mbao ulioijenga sehemu kubwa ya Ujerumani.

Mabuu hawaingii ndani ya mbao. Wanaishi na kula katika tabaka jembamba lenye unyevu lililo kati ya gome na mbao, lile ambalo vitabu vya shule huliita floemu. Kazi ya tabaka hilo ni kushusha sukari kutoka kwenye majani hadi mizizini. Mifereji ikilizunguka shina lote, mizizi hainywi tena kutoka juu, inakufa njaa. Tena wadudu hawa hawaji peke yao: miilini mwao wamebeba kuvu wanaoingia kwenye mbao, wakaipaka rangi ya buluu na kuziba njia za kupandishia maji. Basi mti unakosa chakula chini na maji juu kwa wakati mmoja. Mara nyingine gome huanza kudondoka vipande wakati kilele bado ni kijani, na mtu asiyejua atasema mti mzima wa afya.

Lakini mti nao una silaha, na baba yako anaijua vizuri, kwa sababu ndiyo hiyohiyo inayogemwa kwenye misindano ya Sao Hill: utomvu. Mdudu akitoboa, utomvu unafurika kwenye tundu, ukamsukuma nje au ukamzamisha. Msprusi wenye maji ya kutosha huwamaliza wadudu wachache bila kutetereka. Kwa hiyo katika miaka ya kawaida mbawakawa huyu ni mkazi wa msitu kama wakazi wengine. Anaishi kwenye miti iliyong'olewa na upepo, iliyovunjika au iliyozeeka, ambayo utomvu wake umekwisha nguvu. Amekuwapo misitu ya Ulaya tangu misprusi ilipokuwapo, na kazi yake ni ya manufaa: huanzisha kuoza kwa miti inayokufa, akafungua njia kwa kuvu na wadudu wengine.

Mambo hugeuka idadi inapopanda. Dume aliyefanikiwa kutoboa hutoa harufu, feromoni, inayoita wenzake wa jinsia zote mbili. Wakija kumi, mti unashinda. Wakija mamia kwa siku chache, utomvu unakauka kabla hawajaisha, na hapo hata mti wenye afya hauna la kufanya. Wakishajaa, harufu inabadilika: sasa inawaambia wanaofika wamechelewa, waende mti wa jirani. Ndiyo sababu vifo huanza kwa vikundi vya miti, kisha vikundi vinakua mpaka vinaungana. Hilo ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko yote katika barua hii. Mdudu huyu akiwa mchache anahitaji mti dhaifu. Akishakuwa wengi, haulizi tena.

Ni nini basi kilichompa wingi Harz?

Kuna historia ya zamani na kuna historia ya mwaka 2018. Ya zamani ni kwamba milima ile ilikuwa ya machimbo ya fedha, shaba na risasi kwa karne nyingi, na machimbo yanakula kuni, makaa na magogo bila huruma. Misitu ya asili ya miti iitwayo beech kwa Kiingereza na miti mingine ya majani mapana ilikatwa. Kurudishia, watu wa misitu wa karne ya 18 na 19 walipanda msprusi, kwa sababu unakua haraka, umenyooka, na unauzika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikawa hivyohivyo tena: maeneo makubwa yalikuwa yamefyekwa, mbegu iliyokuwapo ni ya msprusi, ikapandwa. Kwa asili yake pale Harz msprusi ni mti wa juu, kwenye baridi na mvua, kuanzia kama mita 800 karibu na kilele cha Brocken chenye mita 1,141. Chini ya hapo ulipandwa na binadamu, safu kwa safu, umri mmoja, mizizi yake ikitambaa juujuu ya udongo. Siwalaumu waliopanda. Walikuwa na nchi iliyo uchi na watu wanaohitaji mbao za kujengea. Ila deni la uamuzi ule lilikuwa linasubiri.

Tarehe 18 Januari 2018 kimbunga walichokiita Friederike kilipita katikati ya Ujerumani na kuangusha miti mingi mno. Msprusi ulioanguka ni chakula kilichoandaliwa: tabaka lake bado ni bichi, na utomvu hauna nguvu ya kumzuia mdudu. Kisha ukaja ukame ulioanza majira ya kuchipua mwaka huohuo, ukaendelea 2019 na 2020. Misprusi iliyobaki imesimama ikawa na kiu, na mti wenye kiu hauwezi kutoa utomvu wa kutosha. Joto nalo likamfaa mdudu. Huanza kuruka hali ya hewa ikivuka nyuzi 16 na kidogo za Selsiasi, na joto likiwa zuri kizazi kimoja hukamilika, toka yai hadi mdudu kamili, kwa wiki 6 hadi 10. Maeneo ya chini yaliyozoea vizazi 2 kwa mwaka yakapata 3.

Hebu fanya hesabu ile ya kinadharia. Jike mmoja akitaga mayai 50 na wote wakapona, nusu wakiwa majike, kizazi cha pili ni wadudu 1,250, na cha tatu ni 31,250. Uhalisia haufiki huko kwa sababu wengi huliwa, huugua au huzama kwenye utomvu. Hata hivyo tofauti kati ya vizazi 2 na 3 ndiyo tofauti kati ya msimu mbaya na msiba.

Msiba wenyewe haukuishia Harz. Taasisi ya anga ya Ujerumani, DLR, ilipima kwa picha za setilaiti ikakuta kwamba kati ya Januari 2018 na Aprili 2021 nchi hiyo ilipoteza miti kwenye eneo la takriban hekta 501,000, karibu asilimia 5 ya misitu yake yote, kwa ukame, dhoruba na wadudu kwa pamoja. Jirani zao Wacheki walilazimika kuvuna zaidi ya mita za ujazo milioni 30 mwaka 2019, na tena 2020, sehemu kubwa ikiwa miti iliyoshambuliwa. Mbao zikajaa sokoni, bei ikaanguka, na magogo mengi ya Ujerumani yakapakiwa kontena kwenda China. Kanada wana ndugu yake, mbawakawa wa misindano ya milimani, Dendroctonus ponderosae. Huyo huzuiliwa na baridi kali ya karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Baridi hizo zilipopungua, alipita kwenye zaidi ya hekta milioni 18 za jimbo la British Columbia na kuua zaidi ya nusu ya misindano yake yenye thamani sokoni.

Sasa dawa. Swali lako ni la haki, na huulizwa hata na Wajerumani wenyewe. Dawa inayonyunyizwa kutoka juu haimfikii mdudu aliye chini ya gome, na maisha yake karibu yote yako humo. Ingewafikia wengine: mbawakawa wenye madoa mekundu na meupe wanaotembea juu ya shina wakimkamata yeye anapotua, nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mabuu yake, na chakula cha vigong'ota. Yaani ungeua askari ukamwacha mwizi. Dawa hutumika kwa masharti makali, zaidi kwenye rundo la magogo yaliyokwisha kukatwa ambayo hayawezi kuondolewa kwa wakati. Mitego yenye feromoni nayo ipo, utaiona imening'inia porini, visanduku bapa vyeusi vya plastiki vyenye matundu. Inasaidia kujua wadudu wameanza kuruka lini na kwa wingi gani. Kumaliza mlipuko haiwezi.

Kinachofanya kazi ni macho na miguu. Mtu wa misitu anapita mti kwa mti, siku isiyo na mvua, akiangalia kama kuna unga mwembamba wa kahawia kwenye mikunjo ya gome, kwenye utando wa buibui na juu ya majani yaliyo chini ya shina. Unga huo ni mabaki ya kuchimba, na mvua moja tu inaufuta. Ukionekana, mti unakatwa na kubanduliwa gome au kutolewa nje ya msitu kabla ya kizazi kipya kutoka. Ana wiki chache. Mwaka 2018 na 2019 hapakuwa na watu wa kutosha, wala mashine, wala malori, wala viwanda vya kupokea magogo hayo yote. Kwa maoni yangu vita ilipotea hapo, kwenye siku chache za kuchelewa zilizozidishwa na maelfu ya miti.

Na hapa nikusahihishie jambo ambalo wageni wengi wa Brocken hulikosea. Ile miti ya kijivu iliyokutisha haina hatari tena kwa majirani. Mdudu anahitaji tabaka bichi. Mti ukishakauka, watoto wake wamekwisha kuhama. Mti wa hatari ni ule uliopita ukiuona kijani. Kukata miti iliyokufa zamani hakupunguzi hata mdudu mmoja, tena kunaondoa makao ya maadui zake, ambao hubaki humo muda mrefu kuliko yeye.

Ndani ya hifadhi ya taifa ya Harz kuna uamuzi mwingine juu ya huo, na chimbuko lake liko kusini. Hifadhi ya Bayerischer Wald, ya kwanza Ujerumani, ilianzishwa mwaka 1970. Dhoruba ya Agosti 1983 ilipoangusha misprusi yake, Hans Eisenmann, aliyekuwa waziri wa kilimo na misitu wa jimbo la Bavaria, aliamua ibaki ilivyolala, ili vizazi vijavyo viwe na msitu wa asili. Miaka ya 1990 wadudu wakafumuka, wakaua maelfu ya hekta kwenye miinuko ya mlima Lusen. Wenyeji walikasirika, na nawaelewa kabisa. Mtu kuona mlima wa utoto wake unakufa huku mamlaka imekunja mikono si jambo dogo. Ila leo ukipanda Lusen utapita katikati ya miche iliyojiotea yenyewe, ya umri mbalimbali, baadhi imekwisha kuzidi kimo cha mtu, na miti ya majani mapana imepenya katikati yake. Wakati huohuo, kwenye ukanda wa pembeni wenye upana wa angalau mita 500, wadudu wanapigwa vita bila kuchoka ili wasivuke kwenda kwenye mashamba ya watu. Naona huo ni mgawanyo wa haki: ndani msitu uamue, mpakani mwenye shamba alindwe. Harz nao wamefuata njia inayofanana, na ukirudi safari nyingine usitazame juu tu, tazama chini ya miti mikavu.

Tuje kwa baba.

Ips typographus ni mdudu wa misprusi. Misindano huigusa kwa nadra, na misprusi kwetu haipandwi, kwa hiyo huyu hasa hanipi wasiwasi. Lakini ana ndugu wanaopenda misindano, na wameonyesha kwamba wanasafiri. Afrika Kusini inao watatu kutoka Ulaya na ukanda wa Mediterania. Mmojawapo, Orthotomicus erosus, huvamia misindano iliyoungua au kukaukiwa. Mwingine, Hylastes angustatus, hutafuna miche michanga pale shingoni, karibu na mizizi, kwenye viwanja vilivyotoka kuvunwa. Na mfano unaonikosesha usingizi ni wa China. Mbawakawa mwekundu wa Amerika ya Kaskazini, Dendroctonus valens, ambaye kwao huishi zaidi kwenye visiki na miti dhaifu, aliingia China pamoja na shehena za mbao. Mwaka 1998 alikutwa katika jimbo la Shanxi, kisha akaua mamilioni ya misindano ambayo haikuwahi kumjua. Hivyo upole wa mdudu kwao hauna dhamana akifika ugenini.

Sisi wenyewe tumeonja. Msindano uitwao radiata ulipandwa kwa matumaini makubwa Kenya na Tanzania, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa wa kuvu wa majani, Dothistroma, ukawalazimu wenye misitu kuuacha. Kidukari wa misaipresi aliingia Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 alikuwa Kenya, akikausha misaipresi ya mashambani, ya uani na ya makanisani. Shamba la mti wa aina moja, umri mmoja, mlima hadi mlima, ni karamu kwa yeyote atakayefika na kuupenda mti huo. Nyanda za Juu Kusini sasa zina mengi ya namna hiyo.

Ndiyo maana lile gome lako usilipande nalo ndege. Huenda halina kitu, mbawakawa wamekwisha toka. Lakini wadudu hawa husubiri baridi iishe wakiwa ndani ya magome, na kipande cha gome ni bidhaa ya mimea: kinahitaji kutangazwa kwa wakaguzi wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, kwenye uwanja wa ndege, nao watakuwa na haki ya kukichukua. Lipige picha, umpelekee baba picha. Kwa sababu hiyohiyo paleti na makreti ya mbao yanayovuka mipaka hupashwa joto mpaka ndani kabisa pafike nyuzi 56 kwa dakika 30, au hufukizwa gesi, kisha hupigwa muhuri wenye suke la ngano. Ukiona paleti ya kigeni haina muhuri, tena ina mabaki ya magome, hiyo imepita mahali ambapo haikupaswa kupita.

Kwa shamba lenyewe, mwambie baba mambo anayoweza kuyafanya bila gharama kubwa. Wengi huko hupanda kwa msongamano wakidhani wamepata miti mingi. Miti inagombania maji, na kiangazi kikiwa kirefu yote inakuwa dhaifu kwa pamoja. Nafasi ya mita 3 kwa 3, ambayo ni kama miti 1,111 kwa hekta, halafu kupunguzia kwa wakati, ndiyo kinga bora aliyonayo. Magogo yenye magome yasilale shambani miezi. Baada ya moto, miti iliyobabuka ivunwe mapema, isiachwe imesimama kwa matumaini kwamba itachipua, maana msindano patula ulioungua vibaya hauchipui kutoka kwenye kisiki.

Na awe na desturi ya kupita shambani akitazama mashina, hasa mwisho wa kiangazi. Akikuta matone ya utomvu yametapakaa kwenye shina ambalo halikugemwa, unga wa kahawia chini yake, au mti mmoja mmoja unageuka mwekundu katikati ya wenzake wa kijani, abandue gome kidogo kwa panga. Akikuta mifereji, asiogope na asikate shamba zima. Achukue wadudu kadhaa awatie kwenye kichupa chenye spiriti, kipande cha gome akifunge vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, aandike mahali na tarehe, apige picha ya mti mzima, kisha avipeleke kwa afisa misitu wa wilaya aombe vifikishwe TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu Tanzania, iliyoko Morogoro. Mti wenyewe aufunge kitambaa ili aweze kuuonyesha watakapokuja.